Maelezo ya Namba Saba

Chuoni, Dar es Salaam
2 Agosti 1981

Shangazi yangu Antonia,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa basi lilituharibikia Korogwe tukalala barabarani. Ule mfuko wa maharage ulionifungia ulifika mzima, na wenzangu wa chumbani wanakuombea maisha marefu hata kabla ya kukujua. Huku wenyewe wanasema ni msimu wa baridi. Mimi nalala na dirisha wazi. Je, yule ng'ombe wako mwenye pembe moja ameshazaa?

Nimeanza kuandika ule utafiti wangu juu ya wajane mbele ya mahakama za mwanzo. Kati ya wanawake wote uliowaleta jikoni kwako mwezi wa sita ili niwahoji, maelezo ya jirani yako Naishorua ndiyo yaliyo mbele ya yote. Nilimsomea mwalimu anayenisimamia mahali pale anaposema: "Waliniuliza mimi ni nani. Nikasema mke wa Thomasi. Wakasema Thomasi amekufa. Sikuwa na jibu jingine." Mwalimu alivua miwani akaniomba nisome tena.

Inanibidi nieleze kesi yake kwa msomaji asiyetujua, kwa hiyo nisahihishe nikikosea. Naishorua ni Mmaasai wa Endulen, aliyeolewa huko kwetu kwa Wairaqw na marehemu Thomasi. Thomasi alipofariki, kaka yake Qamara alikwenda mahakamani kudai shamba, nyumba na mtoto Marsela, kwa hoja kwamba mjane hana mtoto wa kiume na ni mgeni katika ukoo. Naishorua anajibu kwamba shamba hilo amelilima kwa mikono yake na mtoto amemzaa mwenyewe. Nilipoondoka, hukumu ilikuwa haijatoka.

Naomba unisaidie mambo mawili. Alikaa na Thomasi miaka mingapi? Na hukumu ikitoka niandikie upesi, sura yangu ya tatu inaisubiri.

Jina lake asiwe na wasiwasi nalo, hakuna mahali nimeliandika. Kila mwanamke nimempa namba, na yeye ndiye namba saba, kama nilivyomwambia siku ile baada ya kutia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kuhojiwa. Mpe salamu na shukrani.

Mtoto wako,
Piusi


Karatu
3 Septemba 1981

Mwanangu Piusi,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nikipepeta maharage, nikaisoma nimesimama palepale na makapi yote yakanirukia kichwani. Hatujambo. Mwenye pembe moja amezaa dume, wala sikumpongeza. Baridi ya mwaka huu haitaki kuondoka. Ukungu unashuka kutoka juu kwenye kreta unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Sukari hakuna, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Huko wanakokaa wakubwa, wakikuonea huruma wakakuuzia kipande, usinisahau.

Umeuliza miaka. Naishorua alikaa na Thomasi tangu mwaka wa Uhuru mpaka walipomzika. Walizaa watoto wanne, na Marsela ndiye pekee aliyebaki. Andika na hilo.

Hukumu ilisomwa tarehe 24 Agosti. Nilikwenda naye. Qamara amepewa shamba na nyumba, na Marsela ni wa ukoo, abaki kwa baba zake. Naishorua amalize mavuno kisha arudi kwao. Ilisomwa kwa Kiswahili, nami nikamwambia kwa Kiiraqw pembeni, maana Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Mimi nilijua atalia. Qamara naye alikuwa amejiweka vizuri amwone akilia. Naishorua akafunga kanga yake, akanigeukia akauliza, "Namba saba imefika wapi?" Hivyo tu! Tulipotoka nje karani akatufuata, mtu mwema yule, akasema mama huyu ana siku thelathini za kwenda mahakama ya wilaya Mbulu kukata rufaa, asizichezee. Nikamjibu mimi mwenyewe: "Mbulu akafanye nini, na shauri lake liko Dar es Salaam? Limechukuliwa na mwanangu anayesoma sheria." Karani akanitazama, akarudi ndani kwake.

Nakwambia nilirudi nyumbani nimetoa kifua. Wanawake wa jumuiya wote wanajua. Juzi mmoja aliniuliza kama unaweza kuchukua na la kwake, nikamwambia apange foleni kama watu wa sukari.

Basi tuandikie limefika wapi. Qamara ameanza kupima shamba kwa hatua, anapita mbele ya mlango wa mwenzake bila salamu. Naishorua hana habari naye. Mimi nimemwambia atulie, wewe si mtu wa kulala.

Shangazi yako,
Antonia


Chuoni, Dar es Salaam
14 Septemba 1981

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa, na dume si kosa lake. Nimepata kipande cha sabuni kwa foleni ya tangu alfajiri. Nitampa Mkaratu mmoja anayerudi huko mwezi ujao. Sukari imenishinda. Kifua kimenisumbua kidogo lakini nimepona.

Nimesikitika kwa hukumu ya Naishorua. Nimeiandika yote kama ulivyoieleza.

Lakini shangazi, kuna jambo gumu kulieleza kwa barua. Mtafiti haruhusiwi kuingilia kile anachokichunguza. Akianza kumwambia mtu nenda huku, usiende kule, basi utafiti wake umeharibika, maana atakuwa anajitazama mwenyewe. Ndivyo tunavyofundishwa. Kwa hiyo mimi sisemi aende Mbulu, wala sisemi asiende. Wewe niandikie tu atakachofanya, bila kumshawishi.

Habari ya namba saba nitamweleza mwenyewe nikija likizo. Kwa sasa mwambie awe na subira.

Samahani kwa ufupi. Sura ya tatu inatakiwa Ijumaa.

Piusi


Karatu
22 Novemba 1981

Piusi,

Hii ni barua yangu ya pili tangu ile yako ya subira. Kama ya kwanza ilipotea, acha ipotee, habari zake zimeshapitwa. Sabuni niliipata. Sijaifungua.

Mvua za kwanza zimenyesha. Ndama amekua, anasumbua. Padre anakusalimu.

Nilimwambia Naishorua neno lako. Nilimwambia hivi: "Piusi anasema uwe na subira." Akafurahi! Alitifua shamba lote peke yake, akachagua mbegu, akaziweka juu ya moto zisiliwe na wadudu. Mtu aliyeshindwa kesi halimi, Piusi. Watu walishangaa. Mimi nikawaambia ngojeni muone.

Wiki tatu zilizopita Qamara alikuja na mjumbe wa nyumba kumi na wanawe wawili. Naishorua aliniita, nikakimbia na mikono ina unga. Nilimkuta amesimama mlangoni, Marsela nyuma yake.

Mjumbe akasema, "Mama Marsela, hukumu uliisikia."

"Niliisikia. Shauri langu bado linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Lina namba."

"Namba ngapi?"

"Saba."

Mjumbe si mtu mbaya. Akavua kofia, akanigeukia. "Mama Antonia, hiyo karatasi ipo?"

Wote wakanitazama. Nikasema ipo, mwanangu anayo, na yeye Naishorua aliitia dole gumba mbele ya macho yangu. Akasema basi ioneshwe. Nikasema inakuja. Kwa heshima yangu mjumbe akawaomba wangoje mpaka Jumapili ipite. Nilikwenda parokiani kila siku kuuliza barua, mpaka sista anayegawa barua akiniona tu anatikisa kichwa.

Jumatatu wakatoa vyombo. Qamara alimshika Marsela mkono, mtoto akaenda naye kimyakimya. Ana miaka tisa, hajui hata kugombana. Wale vijana wa Qamara wakawa wanaimba "namba saba, namba saba" huku wamebeba chungu cha mbegu. Sasa watoto wa njiani wote wamelishika. Wanamwita hivyo Marsela akienda kuteka maji.

Naishorua yuko hapa kwangu. Analala jikoni, palepale ulipomhoji. Hali chakula mpaka nimgombeze. Nilirudi kwa yule karani kumuuliza, akasema muda wa rufaa uliisha Septemba, na kwamba mtu akiandikisha shauri mahakamani hupewa namba na mahakama, hapewi na mwanafunzi.

Sijamwambia Naishorua hayo. Nimeyameza. Nakuuliza wewe kwanza, mtoto niliyekulea mimi: namba saba ni namba ya nini?

Antonia


Chuoni, Dar es Salaam
17 Januari 1982

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa nimechelewa. Malaria ilinilaza wakati wa Krismasi, kisha kukawa na mitihani. Huku mvua haijanyesha na maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Natumaini mbegu zenu zimeota. Msalimu padre.

Habari za Naishorua zimenihuzunisha sana, nawe ujue hivyo. Lakini inafaa mambo yawekwe mahali pake. Mimi sikuwahi kusema nimefungua shauri. Nilisema nafanya utafiti. Utafiti ni kuuliza na kuandika ili wenye elimu waelewe matatizo ya watu, na pengine baadaye sheria irekebishwe. Namba saba ni namba ya maelezo yake ndani ya kitabu changu cha utafiti huo, ili jina lake lisijulikane. Ilikuwa kumlinda. Na ile karatasi ya dole gumba ilikuwa ya kukubali kuhojiwa tu, chuo kinaidai.

Sisemi hivi kwa kukulaumu, shangazi, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukitafsiri. Nadhani neno lilipotea pale katikati.

Najua utauliza kama kuna njia. Sheria inaruhusu kuomba kukata rufaa nje ya muda, lakini lazima mwombaji aoneshe sababu nzito ya kuchelewa, na sababu hiyo iapiwe. Kutojua sheria si sababu. Nimelifikiria sana na sioni sababu ambayo tungeweza kuipeleka.

Kitabu kinakwisha mwezi wa tatu. Mwalimu anasema kitawasaidia wajane wengi.

Mpe pole nyingi.

Mtoto wako,
Piusi


Karatu
28 Februari 1982

Piusi,

Mahindi yamefika magotini. Ndama tumemuuza. Mimi mzima.

Neno lilipotea katikati, unasema. Basi nami nikukumbushe lilipopotea.

Ulikuja na utafiti wako, ukaniambia, "Shangazi, mwambie nimekuja kuchukua maelezo yake." Kuchukua maelezo! Huku kwetu anayechukua maelezo ni polisi au mahakama, hakuna mwingine. Ukasema mwambie ni utafiti. Mimi Kiiraqw cha utafiti sina, na hata wewe huna. Naishorua alikuwa ameinamisha kichwa, hasemi kitu, anachokoachokoa moto. Uliangalia saa. Ndipo nikamwambia kwa Kiiraqw: "Mwanangu amekuja kulichukua shauri lako alipeleke kwa wakubwa." Akainua kichwa. Akasema tangu hapo mpaka giza likaingia.

Na wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda changu, kalamu mkononi. Piusi, Kiiraqw nilikulea nacho mimi. Ulitukana nacho, uliombea chakula nacho, na homa ikikupanda hadi leo ndicho unachoota nacho. Nilipokosea neno la Kiswahili siku ile ulinisahihisha haraka, ukacheka. Nilipolikosea hilo hukufungua mdomo.

Halafu Septemba. Barua yangu uliipata siku bado zipo. Nilikuandikia tarehe ya hukumu, nilikuandikia maneno ya karani. Ulishindwa nini kunipigia telegramu ya maneno mawili, "Nenda Mbulu"? Badala yake ukaniletea subira. Na mimi kwa mkono wangu nikaipeleka subira hiyo kwa mwenzangu, nikamnywesha. Usifikiri nalala. Naisikia sauti yangu ikimjibu karani, "Mbulu akafanye nini," nalia peke yangu jikoni kama mtoto.

Nilimwambia yote Naishorua. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Asubuhi yake aliomba aende kumwona Marsela, Qamara akamfungia mlango. Akachukua jembe lake, ndicho kitu pekee walichomwachia, akapanda lori la kwenda Endulen kwa kaka yake Tajewo. Watu wa lori wanasema pale kwenye geti la hifadhi ilimo Endulen, askari walimuuliza jembe la nini, na mle ndani hakulimwi. Akawajibu ni lake tu.

Kitabu chako kitawasaidia wajane wengi. Sawa. Kimeandikwa kwa Kiingereza, sivyo? Basi wajane hao tuwatafute Ulaya.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Antonia


Chuoni, Dar es Salaam
9 Mei 1982

Shangazi,

Shikamoo. Sikuandika kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu nilikuwa sina la kusema. Kila nilipoanza barua nilijikuta najitetea, nikachana.

Kitabu nimemaliza. Wamekipa alama za juu kuliko vyote vya mwaka wetu, na waliniita nisome sehemu yake mbele ya walimu. Nikasoma maelezo ya namba saba. Watu walipiga makofi. Mwalimu mmoja mgeni akaniuliza mama huyo yuko wapi sasa. Nikasema, "Maelezo yake hayaendi zaidi ya hapo." Nikakaa.

Ulisema kweli. Nilisikia. Ulipomwambia nimekuja kulichukua shauri lake, nililisikia kila neno, na nilijua si kweli. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu na mimi niliogopa nitaondoka bila kitu. Alipoinua kichwa nikajiambia nitalirekebisha akimaliza. Alipomaliza nikatoa wino wa dole gumba.

Na ya Septemba ni mabaya zaidi. Katika sura ya tatu nilikuwa na sentensi moja niliyoipenda: kwamba katika wajane wote niliowahoji hakuna hata mmoja aliyekata rufaa, kwa sababu wanyonge wamekwisha kuikatia tamaa mahakama. Mwalimu aliipigia mstari. Naishorua angekwenda Mbulu sentensi ile ingeanguka. Yeye hakuwa amekata tamaa, shangazi. Alikuwa anatuamini. Niliposoma barua yako nilikumbuka kwanza sentensi yangu, kisha nikamkumbuka yeye, na nikaandika yale ya kutoingilia. Telegramu ningeweza kuipiga. Posta iko hapa chini mteremkoni.

Januari nilikuandikia kwamba sababu ya kuapia haipo. Ilikuwepo. Ni mimi.

Juzi nilikwenda mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo kimo ndani ya bahasha hii. Kinasema kwamba mimi Piusi nilimwacha mjane huyo aamini shauri lake limefunguliwa, nikijua si kweli. Kwamba nilijua tarehe ya mwisho ya rufaa na nikamshauri asubiri. Na kwamba alichelewa kwa sababu hiyo tu. Nimeandika pia ombi la kukata rufaa nje ya muda, kuhusu nyumba, shamba na mtoto. Linahitaji dole gumba lake. Likipokelewa, Marsela anaweza kurudi kwa mama yake. Likikataliwa, hakuna mlango mwingine ninaoujua.

Nilimwonesha mwalimu wangu kiapo. Alikisoma mara mbili, akasema mtu aliyeapa hivi ni vigumu kumpa wanafunzi awafundishe. Kulikuwa na nafasi ya kufundisha niliyoahidiwa. Nikakikunja nikaondoka, maana hajakosea.

Nakuomba umpelekee Endulen. Najua ni kukutwika tena mzigo wangu. Kama hataki hata kuona mwandiko wangu, choma yote.

Sijui nimalizie vipi barua hii.

Piusi


Karatu
20 Juni 1982

Mwanangu Piusi,

Marahaba. Tumevuna vizuri. Bahasha yako niliipata, nikaiweka chini ya mto siku nzima kabla ya kuifungua, na nilipokwisha kuisoma nilikasirika, halafu nikalia, halafu nikaenda kutafuta lori.

Juu kule ukungu ulikuwa mzito mpaka dereva akamteremsha utingo atembee mbele ya gari. Endulen nililala kwa masista, asubuhi wakanionesha boma la Tajewo. Naishorua nilimkuta anakamua mbuzi wa kaka yake. Amekonda. Amevaa shuka za kwao, shanga amezivaa tena, hata sikumtambua mpaka aliponiita. Jembe lake limechomekwa ukutani ndani ya nyumba. Anasema humo hana pa kulipiga chini, lakini kila siku analipangusa.

Nilimsomea kiapo chako kwa Kiiraqw, polepole, nikarudia mahali aliponiomba nirudie. Alipenda kurudiwa mahali pale panaposema "nikijua si kweli". Nilirudia mpaka mdomo ukanikauka. Nilipomaliza nikamwambia na mimi nina langu: ni mimi niliyemjibu karani, ni mimi niliyemletea subira.

Akasema, "Wewe tulidanganyika pamoja. Yeye alikuwa anajua."

Nikamtolea karatasi ya ombi na wino. Akaficha mikono ndani ya shuka. "Hii ina namba?"

Nikamwambia bado, namba inatolewa Mbulu na karani.

"Basi kidole changu nacho kitakwenda Mbulu."

Nikamwambia ni mbali, atie tu dole gumba mimi nipeleke. Akanitazama, Piusi, mpaka nikainamisha macho. Tukaondoka naye. Alichukua na jembe.

Tulifika Mbulu tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisubiri karani aandike kitabuni, akaomba asomewe namba, akanigeukia niiseme kwa Kiiraqw, kisha akamuuliza karani kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, "Hii ya mahakama? Si ya mwanafunzi?" Karani akasema ya mahakama, mama. Ndipo akatia dole gumba. Namba yenyewe ameniomba nisikuandikie. Anasema hiyo ni ya kwake.

Kurudi tulipitia kwa Qamara. Hakutufungulia mlango, lakini Marsela alichungulia uani. Mama yake akamwonesha jembe kwa mbali. Mtoto akacheka. Sijui alielewa nini, ila alicheka.

Sasa sikiliza. Mimi nimekusamehe nusu, hiyo nusu nyingine naihitaji bado kwa ajili yangu mwenyewe. Naishorua simsemei. Nilimuuliza nikuandikie nini, akasema hana salamu.

Hakimu wa Mbulu amesoma kiapo chako akasema karatasi haimtoshi, mwenye kiapo aje aseme kwa mdomo wake. Umepangiwa Jumatatu tarehe 19 Julai. Qamara atakuwepo na anajua kusema, kwa hiyo usije ukidhani ni karamu. Naishorua ameomba jambo moja na hakimu amekubali: useme kwa Kiiraqw, mimi nitafsiri kwa Kiswahili. Yeye atakaa pembeni kimya akisikiliza, kama ulivyokaa wewe jikoni kwangu. Na amesema Kiswahili chake ni kidogo, lakini nikikosea neno hata moja, atasimama.

Shangazi yako,
Antonia